MySQL 8.0: nimemwondolea karani ruhusa ya kufuta, bado anafuta

seva_kirumba

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua MySQL kwa undani.

Seva ni MySQL 8.0.36 juu ya Ubuntu 22.04, iko ofisi ya Ilemela, Mwanza. Inapokea stakabadhi za samaki na dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, mtandao wa 192.168.10, na kutoka kituo cha Nansio kule Ukerewe, mtandao wa 192.168.20 kupitia VPN. Programu ya makarani ni ya Java, inatumia HikariCP (inayotunza miunganisho ya hifadhidata) na Connector/J 8 (kiunganishi cha Java na MySQL). Wiki hii data yote imehamishwa kutoka mashine ya zamani kwa mysqldump --all-databases.

Akaunti ya makarani ilikuwa na DELETE kwenye kila kitu, nikatoa amri hizi:

```
REVOKE DELETE ON *.* FROM 'karani'@'192.168.10.%';
FLUSH PRIVILEGES;
```

SHOW GRANTS inaonyesha DELETE haipo tena, lakini makarani wa Mwaloni wakaendelea kufuta stakabadhi kama kawaida. Baada ya kama nusu saa seva ikaanza kuwakatalia yenyewe. Na hapohapo baadhi ya kompyuta zikaanza kutoa kosa hili kwenye programu:

```
Public Key Retrieval is not allowed
```

Mipangilio haijaguswa na mtu. Nikaingia kwa amri ya mysql kwenye terminali kutoka kompyuta ya Mwaloni kwa akaunti ileile, ikanikubali, na kuanzia hapo programu nayo ikarudi kufanya kazi.

Kuna na hili la ripoti. Skrini ya msimamizi inasoma namba ya stakabadhi inayofuata kutoka information_schema.TABLES safu ya AUTO_INCREMENT, na idadi ya stakabadhi kutoka TABLE_ROWS. Namba zinabaki zilezile kutwa nzima ilhali mizigo inaingia. Nilitoa FLUSH TABLES saa moja asubuhi, mfumo wote ukaganda na namba hazikubadilika.

Kuna FLUSH nyingine inayohitajika, au niwashe upya seva?

Fundi_Nyakato

Usiwashe upya seva, mkuu. Dalili zitaondoka na sababu zitabaki palepale. Halafu utapoteza data iliyokwisha kukaa kwenye memori ya InnoDB (sehemu ya MySQL inayohifadhi data ya majedwali): kwa mipangilio ya kawaida MySQL inapozimika huandika orodha ya asilimia 25 tu ya kurasa zilizotumika karibuni ili izirudishe ikiwaka. Nyingine zote zitasomwa upya kutoka diski wakati makarani wamepanga foleni.

Nianze na ruhusa. Seva inapowaka husoma majedwali ya ruhusa yaliyo ndani ya hifadhidata ya mysql (user, db, tables_priv, columns_priv, procs_priv na mengine) na kuyaweka kwenye memori. Tangu hapo kila uamuzi unafanywa kwa nakala hiyo ya memori. Ukitumia GRANT, REVOKE, CREATE USER, ALTER USER, SET PASSWORD au RENAME USER, seva hubadilisha jedwali na nakala yake kwa pamoja. Kwa hiyo FLUSH PRIVILEGES (amri ya kusoma upya majedwali ya ruhusa) uliyoiweka chini ya REVOKE haikuwa na kazi ya kufanya kwa upande wa ruhusa. Inahitajika pale tu majedwali yale yalipoguswa moja kwa moja kwa INSERT, UPDATE au DELETE, kwa sababu hapo jedwali linasema hivi na memori inasema vile.

Na wewe ulikuwa na wakati mmoja kama huo: ulipohamisha. Faili la mysqldump --all-databases hujaza majedwali ya mysql kwa INSERT, kwa hiyo mara tu baada ya kurejesha data ilibidi itolewe FLUSH PRIVILEGES. Ukiongeza --flush-privileges unapotoa bakapu, amri hiyo inaandikwa ndani ya faili lenyewe na hutahitaji kuikumbuka.

Sasa, mbona makarani waliendelea kufuta? Mabadiliko ya ruhusa hayamfikii aliyekwisha kuunganika kwa wakati mmoja, inategemea ngazi:

Ruhusa za `*.*` na pasiwedi hazimgusi kabisa aliyeko ndani. Zinamhusu atakayeunganika baadaye.

Ruhusa za hifadhidata moja, mfano `mapokezi.*`, zinashika pale mteja anapotoa USE (amri ya kuchagua hifadhidata) tena. Programu ya Java hutaja hifadhidata mara moja kwenye anwani ya kuunganikia na haitoi USE tena, hivyo kivitendo hali ni ileile ya kwanza.

Ruhusa za jedwali au za safu zinashika kwenye amri inayofuata.

Wewe uliondoa DELETE kwenye `*.*`, basi kila muunganisho uliokuwa wazi ulibaki nayo. Ile nusu saa nayo ina maelezo: HikariCP huweka miunganisho wazi na kuitumia tena na tena, na maxLifetime yake ya kawaida ni 1800000, yaani milisekunde za dakika 30. Muunganisho ukifikisha umri huo unafungwa na mpya unafunguliwa. Huo mpya ndio uliokuta DELETE imeondolewa.

Ukitaka ishike papo hapo, funga iliyopo:

```
SELECT CONCAT('KILL ', id, ';')
FROM information_schema.processlist
WHERE user = 'karani';
```

Mistari itakayotoka ndiyo amri za kutekeleza. Angalia sana: KILL ikimkuta mtu katikati ya muamala, yote ambayo hayajathibitishwa kwa COMMIT yanarudishwa nyuma. Njia ya upole ni softEvictConnections ya HikariCP kupitia JMX (njia ya kusimamia programu ya Java ikiwa inaendelea kufanya kazi), mradi programu imewekewa registerMbeans=true. Miunganisho isiyotumika inafungwa palepale, inayotumika inafungwa karani akimaliza shughuli yake. ACCOUNT LOCK haitakusaidia hapa, inazuia wanaoingia tu. Hata DROP USER haimtoi aliyeko ndani.

Usiisahau Nansio. Mbele ya MySQL, karani wa 192.168.10 na karani wa 192.168.20 ni akaunti mbili tofauti hata kama jina ni moja. REVOKE yako imegusa Mwaloni peke yake. Hakikisha:

```
SELECT user, host FROM mysql.user WHERE user = 'karani';
```

Na kutoka ndani ya programu, `SELECT CURRENT_USER();` ndiyo inayokuambia seva imekupokea kwa akaunti ipi. USER() inaonyesha ulivyojitambulisha tu.

Kwa maoni yangu karani hapaswi kuwa na chochote kwenye `*.*`. Mpe ruhusa kwa jedwali:

```
REVOKE ALL PRIVILEGES, GRANT OPTION FROM 'karani'@'192.168.10.%';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON mapokezi.stakabadhi TO 'karani'@'192.168.10.%';
GRANT SELECT ON mapokezi.wavuvi TO 'karani'@'192.168.10.%';
```

Rudia kwa 192.168.20. Miunganisho ya zamani ikishaondoka yote, siku utakayomwondolea UPDATE, amri yake inayofuata itakataliwa kwa kosa namba 1142 bila kumkatisha mtu kazi.

mtandao_igoma

Hilo la Public Key Retrieval ni jepesi, ongeza allowPublicKeyRetrieval=true kwenye anwani ya JDBC (ile ambayo programu ya Java inaunganikia hifadhidata), linaisha.

Dada_Buzuruga

Litaisha, kaka, ila hiyo ni njia ya mwisho na hapa ipo bora zaidi. Kwanza aelewe kilichotokea, maana kimesababishwa na FLUSH PRIVILEGES yenyewe.

MySQL 8.0 hutumia caching_sha2_password kama njia ya kawaida ya kuthibitisha pasiwedi. Mtu akiingia kwa mara ya kwanza, seva inafanya uthibitisho kamili, na kwa uthibitisho huo inahitaji kupokea pasiwedi yenyewe. Hairuhusu ipite wazi mtandaoni: ama muunganisho uwe wa TLS (uliosimbwa), ama pasiwedi ifungwe kwa ufunguo wa RSA wa seva. Ikishathibitisha, inaweka alama fupi ya akaunti hiyo kwenye kache ya memori. Kuanzia hapo kila anayekuja kwa akaunti ileile anapitishwa kwa kulinganisha na kache, na TLS haidaiwi.

FLUSH PRIVILEGES inafuta kache hiyo yote, ya akaunti zote. Kuwasha upya seva nako kunaifuta. Kubadilisha pasiwedi ya akaunti kunafuta ya akaunti hiyo tu.

Sasa unganisha na alichosema Fundi. Ulipotoa FLUSH, kache ikawa tupu, lakini miunganisho iliyokuwa wazi haikujali. Dakika 30 zilipotimia HikariCP ikafungua mipya. Hiyo mipya ikadaiwa uthibitisho kamili, na bila shaka anwani yenu ya JDBC ina useSSL=false, kwa hiyo haina TLS. Connector/J ilitakiwa iombe ufunguo wa RSA kutoka kwa seva, na kwa kawaida imekatazwa kuuomba. Ndipo likatoka kosa lile. Ulipoingia kwa amri ya mysql, yenyewe hutumia TLS bila kuambiwa, uthibitisho kamili ukapita, kache ya akaunti 'karani'@'192.168.10.%' ikajaa, na programu zote za akaunti hiyo zikaanza kupita. Ungeingilia kwenye seva kwa localhost isingesaidia, kwa sababu hiyo isingekuwa akaunti ileile.

Kwa nini siipendi allowPublicKeyRetrieval=true: programu itapokea ufunguo wowote itakaopewa. Aliyejipenyeza katikati ya mtandao anaweza kutoa ufunguo wake badala ya wa seva na kuifungua pasiwedi. Mtandao unaotoka Nansio unapita juu ya ziwa na kwenye vifaa vingi kabla ya kufika Ilemela, sioni sababu ya kuacha mlango huo.

Fanya hivi. Ondoa useSSL=false, weka:

```
jdbc:mysql://192.168.10.5:3306/mapokezi?sslMode=REQUIRED
```

Seva ya 8.0 hujitengenezea vyeti yenyewe inapowaka kama havipo, utaviona kwenye /var/lib/mysql: ca.pem, server-cert.pem, server-key.pem. Kwa hiyo upande wa seva huenda huna la kufanya. REQUIRED inaficha mazungumzo lakini haikagui cheti ni cha nani. Kwa Nansio ningepanda hadi VERIFY_CA:

```
keytool -importcert -alias mysqlca -file ca.pem -keystore amana.jks
```

kisha sslMode=VERIFY_CA, na trustCertificateKeyStoreUrl ikielekezwa kwenye amana.jks pamoja na trustCertificateKeyStorePassword. Nakili ca.pem peke yake kwenda Nansio. server-key.pem haitoki kwenye seva.

Ukimaliza, jaribu makusudi wakati hakuna kazi: toa FLUSH PRIVILEGES, funga programu, ifungue. Ikiingia bila msaada wa terminali, umepona. Ndani ya muunganisho wa Java `SHOW SESSION STATUS LIKE 'Ssl_cipher';` irudishe jina la usimbaji, ikiwa tupu basi TLS haijashika. Ukijiridhisha kwa kompyuta zote, funga kabisa kwa `ALTER USER 'karani'@'192.168.10.%' REQUIRE SSL;` na kwa ile ya 20 vilevile.

mtandao_igoma

Nimekuelewa dada, ya TLS ni salama zaidi. Nyongeza kidogo: wanaotaka kuepuka TLS bado wanaweza kunakili public_key.pem ya seva na kuielekeza kwa serverRSAPublicKeyFile. Hapo ufunguo unakuwa tayari mkononi, hauombwi mtandaoni.

Dada_Buzuruga

Sahihi, na hiyo haina hatari niliyoisema. Ila data ya stakabadhi yenyewe itabaki inapita wazi.

mzee_wa_logi

Mimi nichukue FLUSH TABLES na zile namba za ripoti, maana hapo kuna kache mbili tofauti na FLUSH TABLES haihusiki na ile iliyomsumbua.

FLUSH TABLES hufunga majedwali yote yaliyofunguliwa ili yafunguliwe upya. Haifuti data ya InnoDB iliyo kwenye memori. Kikwazo chake ni kwamba lazima isubiri kila amri inayotumia jedwali imalize. Kama kulikuwa na ripoti ndefu inasoma stakabadhi za mwezi mzima, FLUSH ilisimama nyuma yake, na kila karani aliyegusa jedwali lile akasimama nyuma ya FLUSH. Kwenye SHOW FULL PROCESSLIST ungeona mistari mingi yenye hali ya `Waiting for table flush`.

Likitokea tena, kuua FLUSH yenyewe hakusaidii. Majedwali yameshawekewa alama ya kufungwa na waliosimama wataendelea kusubiri. Wa kuondolewa ni yule wa mwanzo, amri iliyoanza kabla ya FLUSH:

```
SELECT id, user, host, time, state, LEFT(info, 80)
FROM performance_schema.processlist
WHERE command <> 'Sleep'
ORDER BY time DESC;
```

Mtafute mwenye time kubwa kuliko ya FLUSH na ambaye hali yake si kusubiri. KILL huyo, foleni itafunguka.

Kwa namba za ripoti: kuanzia 8.0, takwimu za majedwali zinazoonekana information_schema huhifadhiwa, na seva haizisomi upya hadi muda upite. Muda huo ni information_schema_stats_expiry, kawaida ni sekunde 86400, saa 24 kamili. Ndiyo maana namba zinakaa kutwa nzima. Kuziburudisha:

```
ANALYZE TABLE mapokezi.stakabadhi;
```

au kwa kikao kimoja tu:

```
SET SESSION information_schema_stats_expiry = 0;
```

Hii ya pili inafaa kwa skrini ya msimamizi, inasoma moja kwa moja kutoka InnoDB bila kugusa wengine.

Lakini mwanangu, nakusihi ubadilishe namna ripoti ilivyoandikwa. TABLE_ROWS ya InnoDB ni makadirio hata ikiwa mpya sekunde hii, inaweza kupishana na idadi halisi kwa asilimia 40 hadi 50. Idadi ya stakabadhi ambazo watu watalipwa kwazo ihesabiwe kwa COUNT(*) yenye sharti la tarehe, na safu ya tarehe iwe na faharasa. Na namba ya stakabadhi isibashiriwe kutoka AUTO_INCREMENT: makarani wawili wakiisoma kwa pamoja, wote wanapata namba moja. Ingiza mstari kwanza, kisha uliza `SELECT LAST_INSERT_ID();` kwenye muunganisho uleule. Kila muunganisho una jibu lake, haliingiliwi na karani mwingine.

Kazi nzito kama FLUSH TABLES au ANALYZE ya majedwali makubwa ziondoe asubuhi, boti zinapoleta mzigo. Kwa upande wa dagaa una nafasi nzuri kila mwezi: mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa na wengi hawaingii ziwani. Panga matengenezo siku hizo.

seva_kirumba

Asanteni sana wakuu. useSSL=false ipo kweli kwenye faili la mipangilio la programu. Nimeiondoa kwenye kompyuta moja, nikatoa FLUSH, imeingia bila tatizo. Mzee wa logi, shikamoo, LAST_INSERT_ID nimemfikishia anayeandika programu.

Limebaki moja la Nansio. Kila baada ya siku chache wanapata:

```
Host '192.168.20.14' is blocked because of many connection errors. Unblock with 'mysqladmin flush-hosts'
```

FLUSH PRIVILEGES haiwafungulii. Hii ni kache nyingine tena?

mzee_wa_logi

Marahaba. Ndiyo, ni nyingine, ni ya anwani za wateja. Iangalie:

```
SELECT ip, sum_connect_errors, count_host_blocked_errors,
       count_handshake_errors, last_error_seen
FROM performance_schema.host_cache;
```

Seva huhesabu kila mara anwani inapoanza kuunganika ikakatika kabla ya kukamilisha. Zikifuatana kupita max_connect_errors, kawaida 100, bila hata moja kufanikiwa katikati, anwani inafungiwa kwa kosa namba 1129. Pasiwedi isiyo sahihi haihesabiwi humo. Kufungua:

```
TRUNCATE TABLE performance_schema.host_cache;
```

FLUSH HOSTS nayo inafanya kazi kwenye 8.0 lakini imeshatangazwa kuondolewa tangu 8.0.23, na 8.4 haina tena. Jizoeshe TRUNCATE, maana matengenezo ya 8.0 mwisho wake ni Aprili 2026 na utahama tu.

Kupandisha max_connect_errors hadi 10000 kutawapunguzia usumbufu leo hii, fanya hivyo kwa SET PERSIST. Halafu tafuta chanzo. Mtandao ukiwa mzito, connect_timeout ya sekunde 10 inaweza isitoshe, ipandishe hadi 30.

Kingine, na hiki ndicho ningekiangalia kwanza: kuna kifaa chochote Nansio kinachopima kama seva iko hai kwa kugonga mlango wa 3306 na kuondoka? Kila kugonga kwa namna hiyo ni kosa moja kwenye hesabu. Kikigonga kila dakika wakati hakuna karani anayeingia kwa anwani hiyo, 100 zinapita kabla ya saa mbili kuisha.

seva_kirumba

Kipo. Ruta ya Nansio inapima 3306 kila dakika ili ijue VPN iko hai, na makompyuta yote ya pale yanatoka kwa anwani hiyohiyo ya 14.

mzee_wa_logi

Basi ielekeze ipime kwa ping, au igonge mlango wa SSH. Kisha TRUNCATE mara moja na uiangalie sum_connect_errors kwa siku mbili. Ikibaki sifuri au ikipanda kidogo tu, rudisha max_connect_errors 100, kwa sababu hesabu hiyo ina faida yake mtu wa nje akianza kujaribu mlango wako.